Tuziuze Gemu Zetu

Mtengenezaji wa gemu anayefanya kazi peke yake au na rafiki mmoja, bila kampuni nyuma yake na bila mshahara, hufika siku ambayo gemu yake inachezeka mwanzo hadi mwisho, na hapo hulazimika kuamua kama ataiuza au ataigawa bure. Katika mikutano ya watengenezaji ninayohudhuria hapa Dar es Salaam, chipukizi anayeuliza swali hilo hupewa karibu kila mara jibu lilelile: itoe bure kwanza, watu wakujue, hela zitafuata. Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, na wengi wa wanaolitoa ni kaka na dada walionitangulia katika fani hii, ambao nimejifunza mengi kwao. Hata hivyo naliona kuwa ni ushauri unaowaumiza vijana wetu. Naamini kwamba mtu aliyemaliza gemu kamili, aliyoitengeneza ili watu waicheze na si kwa ajili ya mazoezi tu, anapaswa kuiwekea bei, bei ambayo mchezaji anaijua kabla ya kuanza kucheza, na kuidai bila kuona haya.

Ushauri wa kutoa bure, kwa kadiri ninavyoona, tumeuazima kwa wanamuziki. Msanii wa Bongo Fleva anayetoa wimbo mpya hufurahi ukipigwa bure redioni, kwenye daladala na kwenye maduka ya simu, kwa sababu wimbo unaojulikana humletea mialiko ya shoo, na kwenye shoo ndiko anakolipwa. Gemu haina shoo. Mchezaji akishaimaliza amekwisha kupata kila kitu alichowekewa ndani yake, na hakuna ukumbi ambao atalipa kiingilio baadaye ili amwone aliyeitengeneza. Umaarufu wa gemu ya bure humletea mwenyewe ujumbe mwingi wa pongezi, maombi mengi ya nyongeza, na pengine mwaliko wa kuzungumza kwenye kongamano, lakini haumletei kodi ya nyumba wala pesa ya umeme, na gemu ya pili haitengenezwi kwa pongezi.

Mfano ninaoufikiria zaidi kuliko mwingine wowote ni wa ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, watengenezaji wa Dwarf Fortress. Tarn alikuwa na shahada ya uzamivu ya hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, na mwaka 2006, mwaka uleule ambao gemu hiyo ilitolewa kwa umma, aliacha kazi ya chuoni ili aishughulikie gemu hiyo tu. Kwa miaka 16 waliigawa bure, wakiishi kwa michango ya wachezaji walioamua kutuma chochote walichokuwa nacho. Hakuna anayeweza kusema kwamba hawakujulikana. Mwaka 2012 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, liliichagua Dwarf Fortress kuwa miongoni mwa gemu 14 za kwanza katika mkusanyiko wake. Markus Persson wa Sweden ameitaja miongoni mwa gemu zilizompa mawazo alipokuwa akiitengeneza Minecraft, ambayo yeye alianza kuiuza mwaka 2009 ikiwa bado haijakamilika, na ambayo kampuni yake ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Ndugu wa Adams, ambao Persson alijifunza kwao, walikuwa bado wanasubiri michango ya mwisho wa mwezi.

Kisha Zach akapata saratani ya ngozi. Alitibiwa, lakini ugonjwa huo uliwalazimisha ndugu hao kuitazama upya hali yao, kwa kuwa Marekani mtu asiye na bima nzuri ya afya anaweza kupoteza kila alichonacho kwa ugonjwa mmoja. Mwaka 2019 walitangaza kwamba wangetoa toleo la kuuzwa, lenye picha zilizochorwa na lenye kutumika kwa urahisi zaidi kuliko lile la zamani ambalo dunia yake yote ilionyeshwa kwa herufi na alama. Toleo hilo lilitoka tarehe 6 Desemba 2022 kwa bei ya dola 29.99, nalo likauza karibu nakala nusu milioni ndani ya mwezi huohuo. Hesabu walizozitangaza wenyewe zinaonyesha kwamba mapato yao ya Desemba 2022, kabla malipo ya mauzo hayajaingia, yalikuwa dola elfu 15 na kidogo, na ya Januari 2023 yalizidi dola milioni 7. Toleo la zamani bado linapatikana bure kwa anayelitaka.

Nakubali kwamba picha mpya na urahisi mpya viliwavuta watu ambao wasingeligusa toleo la herufi, kwa hiyo tofauti yote hiyo haitokani na bei peke yake. Lakini waliopanga foleni kulinunua wiki ya kwanza walikuwa ni pamoja na watu walioicheza bure kwa zaidi ya muongo mmoja na ambao wangeweza kuendelea kuicheza bure hadi leo. Walilipa kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na bei iliyotajwa, badala ya mchango wa hiari. Hilo ndilo linalonisumbua ninapomsikia kijana akiambiwa kwamba wachezaji wake hawako tayari kulipa, wakati hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuombwa.

Wapo wanaosema kwamba kutoa bure si kukosa mapato, kwa kuwa kuna matangazo, nao huwa na mfano wa Dong Nguyen wa Hanoi, ambaye gemu yake ya bure, Flappy Bird, iliripotiwa mwanzoni mwa mwaka 2014 kumwingizia takriban dola 50,000 kwa siku. Mfano huo ni wa kweli, ila huwa hausimuliwi hadi mwisho: Februari ya mwaka huohuo Nguyen aliiondoa gemu hiyo madukani kwa hiari yake, akieleza kwamba imekuwa kitu cha uraibu. Tena mapato ya kiasi kile yanahitaji dunia nzima kuicheza gemu moja kwa wakati mmoja. Kwa sisi tunaotengeneza gemu za Kiswahili hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mtangazaji hulipa kulingana na mahali alipo mtazamaji na uwezo wake wa kununua, na mtazamaji aliyeko Mbeya au Kisumu huthaminiwa kwa sehemu ndogo tu ya anavyothaminiwa aliyeko Marekani au Ujerumani. Matokeo yake ni kwamba gemu iliyotungwa kwa ajili ya watu wetu, yenye maneno yetu na mitaa yetu, huingiza kidogo zaidi kadiri inavyowafikia wale iliyokusudiwa. Nawafahamu watengenezaji wazuri walioanza na ngano zetu na leo wanatengeneza gemu za kupanga peremende zenye maandishi ya Kiingereza. Siwalaumu, kwa sababu hesabu ndizo zilizowasukuma huko.

Juu ya hayo, gemu ya matangazo hailipiwi na mtangazaji peke yake. Nilikaa karibu na mpwa wangu, aliye darasa la sita, akicheza gemu ya bure ya kupanga vito kwenye simu ya mama yake. Kila alipomaliza hatua moja ilikuja video ya nusu dakika isiyoweza kurukwa, na ilipokwisha ikabaki alama ya kufungia pembeni juu, ndogo kiasi kwamba kidole cha mtoto kilikosea na kufungua ukurasa wa duka. Video mbili kati ya alizoziona nikiwa pale zilikuwa za kampuni za kubeti. Bando lililoyapakua matangazo hayo alikuwa amelinunua dada yangu asubuhi ile kwa ajili ya kazi zake, nalo liliisha kabla ya jioni. Mtengenezaji wa gemu ile anaamini kwamba ameigawa bure, na dada yangu ameilipia, na hela yake imekwenda kwa mtandao wa simu badala ya kwenda kwa aliyetunga gemu.

Kwa mtengenezaji mwenyewe madhara yake ni ya ndani zaidi. Anayetegemea matangazo hulazimika kukata hatua ziwe fupi ili nafasi za kuweka video ziwe nyingi, huongeza ugumu mahali ambapo mchezaji atakubali kutazama tangazo ili apewe nafasi ya pili, na huogopa kumalizia hadithi kwa kuwa mchezaji aliyemaliza hatazami tena. Nimesoma miongozo inayofundisha mambo hayo kana kwamba ndiyo kanuni za utunzi wenyewe. Aliyeuza gemu yake hana sababu ya kufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu amekwisha kulipwa, na anaweza kumpa mchezaji saa nne nzuri, kisha akamwachia aende zake ameridhika.

Hoja inayofuata daima ni kwamba watu wetu hawana hela ya gemu. Anayesema hivyo naomba aende jioni kwenye kibanda chochote cha gemu, hapa kwetu au Mombasa au Bujumbura. Kile cha mtaani kwangu kimejengwa kwa mabati, kina televisheni tatu na mabenchi ya mbao, na bei imeandikwa kwa chaki mlangoni: shilingi 500 kwa mechi moja ya mpira. Mwenye kibanda hukusanya hela kabla hajakabidhi padi, aliyefungwa huondoka na anayesubiri huingia, na padi zenyewe zimeshikwa hadi mpira wa vijiti vyake umelika na kubadilishwa kwa vipande vya tairi la baiskeli. Watoto na vijana wanaopanga foleni pale si matajiri. Anayecheza mechi tatu kwa siku hulipa shilingi 1,500, na siku nne zinatosha kuvuka shilingi 5,000, ambayo ni bei ninayoiona kuwa ya haki kwa gemu ndogo nzuri ambayo mtu ataimiliki moja kwa moja. Kwa hiyo mazoea ya kulipia gemu yako mitaani kwetu tangu zamani, nayo ni mazoea ya kulipa fedha taslimu, kiasi kidogo kidogo, kwa kitu ambacho mlipaji anakiona na anakijua. Tunachokosa ni njia ya kuifikisha sehemu ya hela hiyo kwa anayetengeneza.

Njia ndiyo kikwazo cha kweli, na hapo nawaelewa wanaokata tamaa. Steam, duka kubwa kuliko yote la gemu za kompyuta, humwonyesha mnunuzi wa Tanzania au Kenya bei kwa dola, ingawa Mwafrika Kusini huiona kwa randi, na mnunuzi wetu kwa kawaida huhitaji kadi iliyoruhusiwa kufanya malipo ya mtandaoni. Muuzaji naye hulipa dola 100 kuiingiza gemu moja, ada ambayo hurudishiwa gemu ikishauza dola 1,000, na duka hubaki na asilimia 30 ya mauzo hadi yafikie dola milioni 10. Isitoshe, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, fungu lake linalotokana na wanunuzi wa Marekani hukatwa kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla malipo hayajamfikia, ya asilimia 30. Gemu ya dola 10 iliyonunuliwa huko humwachia mtengenezaji wetu chini ya dola 5. Mtu anapaswa kuzijua hesabu hizi kabla hajapanga bei, kwa sababu anayepanga dola 2 ili awe na huruma atajikuta akipokea chini ya dola moja kwa kila mnunuzi wa huko, na pato hilo haliwezi kumrudishia gharama zake hata akiuza nakala mamia.

Upande wa simu hali ni afadhali. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu kwa anayejiandikisha, na tangu katikati ya mwaka 2021 hukata asilimia 15 kwenye dola milioni moja za kwanza za kila mwaka, kwa hiyo katika shilingi 5,000 mtengenezaji hubaki na 4,250 kabla ya kodi. Kenya wameweza kulipia duka hilo kwa M-Pesa tangu mwaka 2018, jambo lililofungua mlango kwa watu ambao hawajawahi kumiliki kadi ya benki. Na kwa gemu za kompyuta hakuna kinachomzuia mtengenezaji kuziuza mwenyewe kwenye maonyesho, maktaba au chuo, akiwa na lipa namba yake juu ya meza na gemu yake kwenye flashi. Nimefanya hivyo kwenye maonyesho ya wanafunzi, na watu walilipa wakiwa wamesimama, baada ya kucheza kwa dakika tano, bila kubishana juu ya bei.

Kati ya kuuza na kugawa bure kuna njia ya tatu inayopendwa sana na watu wapole: mchezaji alipe anachotaka. Duka la itch.io, lililoanzishwa mwaka 2013, limeijenga njia hiyo vizuri, na mtengenezaji huamua mwenyewe ni asilimia ngapi ya mauzo aliachie duka, hata kama ni sifuri. Mwezi Juni 2020 lilikusanya zaidi ya dola milioni 8 kwa ajili ya mashirika ya haki za watu weusi Marekani kwa kuuza kifurushi cha kazi zaidi ya 1,700 kwa bei ya kuanzia dola 5. Kabla ya hapo, mwezi Mei 2010, Humble Indie Bundle, kifurushi cha gemu za watengenezaji huru, ilikusanya zaidi ya dola milioni moja kwa mpango wa namna hiyo. Lakini mwaka 2009, watengenezaji wa World of Goo waliposherehekea mwaka mmoja wa gemu yao kwa kuwaachia wanunuzi wapange bei, kiasi kilicholipwa na watu wengi zaidi kuliko kiasi kingine chochote kilikuwa senti moja ya dola. Ninavyoyasoma matukio hayo, ukarimu wa wachezaji ni mkubwa palipo na tukio, na sababu inayojulikana, na muda unaokwisha. Siku ya kawaida, mchezaji aliyeachiwa kupanga hupanga kidogo kabisa, na hafanyi hivyo kwa ubaya: hajui tu kitu hicho kimegharimu nini. Mwenye kujua ni mtengenezaji, kwa hiyo ni yeye anayepaswa kutaja kiasi, na akipenda amwachie mtu aongeze juu yake.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiona nzito, nayo ni kwamba gemu ya kuuzwa inaweza kumezwa na nakala ya bure. Hili lilitokea waziwazi mwaka 2014. Asher Vollmer na Greg Wohlwend walikuwa wamefanya kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja kuitunga Threes!, gemu ya kuunganisha namba kwenye miraba, wakajaribu na kutupa mitindo mingi hadi ikabaki ile iliyo rahisi kabisa kueleweka. Waliitoa mwezi Februari kwa dola 1.99. Mwezi uliofuata kijana wa Italia, Gabriele Cirulli, aliweka mtandaoni 2048, ambayo aliitengeneza mwishoni mwa juma kwa kujifurahisha akiifuata gemu nyingine iliyokuwa imeiga Threes!, naye akaigawa bure pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yanayoiendesha. Dunia ikaijua 2048, na watu wengi hadi leo hudhani kwamba Threes! ndiyo iliyoiga. Vollmer na Wohlwend walichapisha barua pepe zao za kipindi cha utunzi ili kuonyesha jinsi kazi ilivyokuwa, na mwaka 2015 wakatoa toleo la bure lenye matangazo.

Nimelifikiria sana tukio hilo, na bado halinibadilishi msimamo. Threes! iliuzwa vizuri ilipotoka, ikawalipa watu wake kazi yao. Kama wangeigawa bure wangeigwa vilevile, bila kupata hata hicho walichopata. Kinachoigwa kwa siku mbili ni kanuni inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja. Gemu yenye mahali, watu na lugha haiigwi kwa urahisi huo, na sisi tuna utajiri wa vitu hivyo kuliko karibu mtu yeyote. Kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni, iliyoanzishwa na Olivier Madiba huko Yaoundé, ilichota kwenye ngano na tamaduni za Kiafrika ilipotunga Aurion, ikachangisha fedha kwa wawekezaji wadogo wadogo, na mwaka 2016 ikaiuza kwenye Steam kama gemu nyingine yoyote ya heshima. Hakuna aliyeitoa nakala ya Aurion mwishoni mwa juma.

Nisieleweke kwamba kila kitu kiuzwe. Gemu iliyotengenezwa kwa saa 48 kwenye Global Game Jam, tukio la kila mwaka la kutengeneza gemu kwa muda mfupi, gemu ya kwanza ya mwanafunzi, jaribio la wazo moja, hizo zigawanywe bure kwa moyo mkunjufu, kwa sababu thamani yake ni mafunzo na mrejesho. Gemu ya elimu iliyolipiwa na mfadhili imekwisha kulipiwa, na kumtoza mtoto tena si haki. Na pengine nijibu pia swali nililoulizwa na kijana mmoja mwenye dhamiri safi, kwamba atawezaje kuuza gemu aliyoitengeneza kwa Godot na Blender, zana za kutengenezea gemu na picha alizopewa bure na watu waliojitolea. Leseni za zana hizo zinaruhusu waziwazi kuuza kinachotengenezwa nazo, na mfuko wa Godot huendeshwa kwa michango ambayo sehemu yake hutoka kwa watengenezaji wanaouza. Anayepata kipato ndiye anayeweza kuchangia. Anayegawa bure na kulala njaa hana cha kurudisha.

Wala sisemi kwamba bei humhakikishia mtu riziki. Mwaka 2024 peke yake gemu zaidi ya 18,000 ziliingia Steam, na nyingi kati yake hazikupata wanunuzi wa kutosha hata kurudisha ada. Eric Barone aliitengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne, akaiuza kwa dola 14.99 tangu Februari 2016, na hadi mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa imeuza nakala milioni 41. Yeye ni mmoja katika maelfu, na si vyema kumwambia kijana aache kazi kwa kumtazama yeye. Ninachokichukua kwake ni kitu kidogo zaidi kuliko hizo milioni. Bei aliyoipanga siku ya kwanza ndiyo bei yake ya kawaida hadi leo, na kila nyongeza kubwa aliyoitoa tangu hapo amewapa bure wote waliokwisha kununua. Mchezaji alilipa mara moja, na mtengenezaji amekuwa akimheshimu kwa malipo hayo kwa miaka yote iliyofuata.

Heshima hiyo huanza nakala ya kwanza inapouzwa, na mimi nimeiona katika kazi zangu ndogo. Nilipokuwa nikigawa bure, mtu akiniandikia kwamba gemu imekwama kwenye simu yake, nilimjibu nitakapopata nafasi, na mara nyingine nafasi haikupatikana. Mama mmoja wa Tanga, aliyemnunulia mwanawe gemu yangu ya mafumbo ya maneno, aliandika kwa adabu kabisa kwamba alama za mtoto hufutika kila simu inapozimika. Nilikesha usiku ule nikitafuta hitilafu, nikaikuta kwenye namna nilivyokuwa nikihifadhi faili, na asubuhi toleo jipya lilikuwa dukani. Shilingi zake hazikuwa nyingi. Lakini alikuwa amelipia kitu kinachofanya kazi, na sikuwa na haki ya kulala akiwa na kisichofanya kazi. Nadhani gemu zetu nyingi za Kiswahili zimebaki nusunusu, zenye makosa ya tahajia na hatua za mwisho zisizofunguka, kwa sababu hakuna mwenye haki ya kudai zikamilishwe.

Gemu ninayoimalizia sasa, ya fundi cherehani wa Kariakoo anayepaswa kumaliza nguo za harusi kabla ya Ijumaa, nitaiuza kwa shilingi 5,000 kwa wanunuzi wa Tanzania na dola 6 kwa walio nje. Sura ya kwanza itakuwa ya bure, ili mtu aone kama simu yake inaiweza na kama yeye mwenyewe anaipenda. Haitakuwa na tangazo hata moja, na baada ya kuipakua haitahitaji bando. Gemu zangu tatu za mazoezi zitabaki bure pamoja na msimbo wake kwa wanaojifunza.

Kwa wenye vibanda nimeandaa bei tofauti, shilingi 40,000 kwa kila televisheni, kwa kuwa wao watawatoza wachezaji na gemu itawaingizia kipato kila jioni. Nimekwisha kuzungumza na mwenye kibanda cha mtaani kwetu. Hakupinga bei. Alichouliza ni kama itachezwa na watu wawili kwa wakati mmoja, maana benchi lake hukaliwa na wawili, na kama mchezo mmoja utakwisha ndani ya dakika kumi. Sehemu ya wachezaji wawili haikuwemo katika mpango wangu, na ndiyo ninayoishughulikia mwezi huu.